Chombo cha Kuazima

Konda aliutazama mfuko wetu, akaubonyeza kwa vidole viwili, akatoa hukumu: "Hilo godoro. Godoro lina nauli yake."

Tulikuwa Maili Moja, Kibaha, Jumamosi asubuhi, vijana watano wenye usingizi machoni, na ndani ya mfuko hamkuwa na godoro. Mlikuwa na boti: kayaki ya kujaza upepo, mtumba, yenye kiraka kimoja ubavuni, tuliyoinunua baada ya kuchangishana miezi minne kama watu wa upatu. Tulipomweleza, konda alicheka mpaka akashikilia mlango. "Boti? Kibaha? Mnaipeleka kisimani?" Mama mmoja mwenye tenga la nyanya akatikisa kichwa, akasema vijana wa siku hizi tuna fedha za kuchezea. Hatukuwa nazo. Ndiyo maana tulikuwa watano. Tukalipa nauli ya godoro, tukaondoka.

Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na watu wa fani yetu tuna ugonjwa mmoja: hata kwenye daladala hatuwezi kuona mzigo bila kujiuliza mzigo wa namna hiyo ulipita njia hii lini kabla yake. Huu wetu nilikuwa na jibu lake.

Tarehe 17 Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara mkubwa kuelekea bara. Miongoni mwa mizigo ilikuwamo boti ya mbao iliyoitwa Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, iliyoundwa Teddington kando ya mto Thames kwa namna ya kufunguka vipande vipande. Kila kipande kilibebwa na wapagazi waliochaguliwa kwa nguvu zao. Kwenye mto Kingani, jina ambalo wageni wa karne ile waliuita mto wetu wa Ruvu katika sehemu yake ya chini, vipande viliunganishwa na boti ikavusha watu na bidhaa. Kisha ikafunguliwa tena, ikarudi mabegani. Mwishoni mwa Februari 1875 ilikuwa imefika Ziwa Victoria. Njia yote ile, kuvuka mbuga na vilima, boti ilisafiri nchi kavu juu ya miili ya watu.

Kwa hiyo konda wetu hakuwa mtu wa kwanza katika bonde hili kuona boti ikisafiri kama mzigo. Alikuwa labda wa kwanza kuitoza nauli ya godoro.

*

Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nimekua na methali hiyo, na kwa muda mrefu niliiamini hata kwenye mambo ya maji: mtu anayetaka kupanda chombo na awe na chake. Nilipoanza kusoma taarifa za wasafiri waliopita Uzaramo katika karne ya 19, methali ikaanza kunitia shaka. Nilikuta kwamba katika habari za vyombo, karibu kila mtu alikuwa ameazima.

Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walipita bonde la Kingani wakielekea Ziwa Tanganyika. Walikuwa na boti ya chuma iliyoweza kufunguliwa, iliyoitwa Louisa, lakini waliiacha pwani kwa kukosa wapagazi wa kuibeba. Waliijutia. Walipofika ziwani mwaka 1858, Speke alivuka kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge kumwomba mfanyabiashara Mwarabu, Hamed bin Sulayyim, awakodishe jahazi lake. Alirudi mikono mitupu. Ikabidi wakubali masharti ya Kannena, mkuu wa Kawele, na mitumbwi yake ndiyo iliyowafikisha Uvira.

Stanley katika safari yake ya kwanza, mwaka 1871, alijaribu ujanja mwingine. Alinunua boti mbili Zanzibar, akazivua mbao zote akabakiza mataruma tu, kisha akazivalisha turubai la tabaka mbili lililopakwa lami, ili ziwe nyepesi kubebeka. Hilo, ukitaka, lilikuwa jaribio la mapema katika bonde letu la kupata boti pasipo uzito wa boti. Lakini alipompata David Livingstone Ujiji, na wawili hao wakataka kwenda kaskazini kuhakikisha kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, walikwenda kwa mtumbwi wa kuazima, mali ya Said bin Majid. Wakakuta Rusizi unaingia. Swali kubwa la jiografia la wakati ule likajibiwa kwa chombo cha mtu mwingine.

Na hata Lady Alice yenyewe, iliyokuwa na mwenyewe, ilikuwa na mjuzi wake ambaye si huyo mwenyewe. Mshika usukani aliitwa Uledi. Huyu ndiye aliyeipitisha kwenye mawimbi ya Ziwa Victoria na baadaye kwenye maporomoko ya mto Kongo, na aliwaokoa watu wengi waliotumbukia. Boti iliitwa jina la Alice Pike, mchumba wa Stanley kule Marekani, ambaye kabla safari haijaisha alikuwa ameolewa na mwanamume mwingine. Sijui kama Uledi alichekeshwa na habari hiyo. Ninachojua ni kwamba boti ile ilipoachwa mwaka 1877 juu ya mwamba, karibu na maporomoko ya Isangila, hakuna aliyekuwa ameishi nayo kwa mikono kumzidi.

*

Kabla ya madaraja, Ruvu ilivukwa kwa mitumbwi. Msafara ulifika ukingoni, mwenye mtumbwi akatajiwa bei, wakapatana, watu na bidhaa wakavushwa, punda wakavutwa kwa kamba huku wakiogelea. Kijiji kizima kingeweza kuishi na mitumbwi michache, kwa sababu mtumbwi haukuwa kitu cha kila nyumba. Ulitaka mti mzima, mnene, ulionyooka. Ulitaka shoka, tezo na siku nyingi za mtu anayejua kuchonga. Bandu bandu huisha gogo, lakini kwanza uwe na gogo. Wengi hawakuwa nalo. Walilipa nauli, kwa fedha au kwa mazao, wakapanda cha mwenzao.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ikauvuka Ruvu kwa daraja. Barabara ya Morogoro nayo ikapata daraja lake pale Mlandizi. Mwaka 1959 mtambo wa maji wa Ruvu Juu ukaanza kusukuma maji ya mto huo kuelekea Dar es Salaam, na mwaka 1976 ukafuata wa Ruvu Chini. Sina ugomvi na daraja wala bomba. Lakini matokeo yake ni kwamba nimeinywa Ruvu maisha yangu yote, nimeiogea, nimeifulia sare za shule, nimeipita juu kwa basi nisihesabu mara ngapi, na sijawahi kuigusa pale inapopita. Wenzangu wengi wa Kibaha wako hivyo hivyo. Tunaujua mto kama bili.

Jambo jingine lilinisumbua zaidi. Katika taarifa hizo zote za wasafiri, na baadaye za wakoloni, Mwafrika anapopanda mtumbwi huwa daima anafanya kitu: anavusha, anavua, anabeba, anakimbia, anazama. Hakuna anayepanda kwa sababu jioni ni nzuri. Anayestarehe ni mgeni. Ndiye anayeandika kwamba mandhari yalimpendeza huku mwingine akipiga kafi. Nilianza kujiuliza kama kweli babu zetu hawakuwahi kupanda chombo kwa raha tu, au ni kwamba raha haina stakabadhi. Mvushaji akitoza nauli, kuna ushahidi. Mtu akicheka katikati ya mto, ushahidi uko wapi?

*

Kuna sababu ya karibu zaidi ya sisi kutopanda, nayo haihusiani na Stanley.

MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, miaka mitatu kabla sijazaliwa. Mama alizisikia habari hizo redioni akiwa Kisarawe kwao, na akaamua, kama mamilioni ya watu wa nchi hii, kwamba maji si mahali pa kwenda. Septemba 2011, nikiwa darasa la sita, MV Spice Islander ikazama kati ya Unguja na Pemba. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, ikiwa imebakiza hatua chache kufika. Nilikuwa najiandaa kwenda chuo kikuu. Mama alizima televisheni akaniambia, bila kunitazama, "Usiniambie siku moja umepanda hivyo vitu."

Kizazi chetu kimefundishwa maji na taarifa za msiba. Na hapa ndipo methali ya nguo ya kuazima inapopata nguvu yake: ukipanda chombo cha mwingine, umemkabidhi hesabu yako. Katika ajali zote hizo tatu lilitajwa jambo lile lile, watu kuzidi uwezo wa chombo. Abiria hakuhesabu. Alidhani kuna aliyehesabu.

Kwa hiyo sikutaka kuandika insha ya kuwaambia vijana wenzangu kwamba raha ya maji ni rahisi, na anayeogopa ni mshamba. Mama si mshamba. Mama anakumbuka. Swali langu likawa dogo: je, mtu wa kipato chetu anaweza kukaa juu ya maji kwa raha, bila kununua mtumbwi, na bila kumkabidhi hesabu yake mtu asiyehesabu?

*

Mtumbwi wenyewe siku hizi ni ghali kwa sababu njema na mbaya. Miti minene imekwisha. Mkaa umekula sehemu kubwa ya misitu inayoizunguka Dar es Salaam. Iliyobaki, kama ule wa Pugu-Kazimzumbwi wilayani Kisarawe, inalindwa, na inapaswa kulindwa. Mtu anayeniambia kwamba utamaduni wetu unataka kila kijana awe na mtumbwi wake, namwomba anionyeshe mti.

Wenzetu wa kwingine walishaingia kwenye tatizo hili. Mwaka 1905 mwanafunzi wa usanifu majengo mjini Munich, Alfred Heurich, aliunda boti ya fito na kitambaa iliyoweza kukunjwa ikaingia mfukoni. Fundi cherehani wa Rosenheim, Johann Klepper, alinunua haki ya kuitengeneza, na kuanzia 1907 akaiuza. Watu wa mjini wasio na mahali pa kuweka boti wakawa wanapanda nayo treni hadi mtoni, kama sisi na godoro letu. Wasiofikiri kwamba hiyo ni toi wamkumbuke daktari Hannes Lindemann: mwaka 1955 alivuka Atlantiki kwa mtumbwi wa gogo uliochongwa Liberia, na mwaka 1956 akavuka tena kwa boti ya Klepper ya kukunja. Bahari haikubagua.

Na karibu na nyumbani, Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la mita 9 hivi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivalisha rangi za kandambili zipatazo 30,000. Waliliita Flipflopi. Lilizinduliwa mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500 hivi. Fundi aliyezoea mbao alikubali takataka, kwa sababu anachokijua ni umbo la jahazi, na umbo halikuhitaji mti.

Sisi watano hatukuunda kitu. Tulitafuta kwenye mitumba, tukapata hiyo yenye kiraka. Tulipoijaza upepo mara ya kwanza sebuleni kwa rafiki yetu wa Picha ya Ndege, ililia kama nyoka kwa nusu saa, ikalala. Kiraka cha pili tuliweka kwa gundi ya fundi baiskeli. Kikashika.

Tuliandika masharti kwenye karatasi ya daftari, na nayaweka hapa kwa sababu ni sehemu ya gharama. Wanaoingia majini ni wawili, watatu wanabaki nchi kavu wakitazama. Hakuna anayepanda bila jaketi okozi, hata anayejua kuogelea, hasa anayejua kuogelea. Fedha ya majaketi tulichanga kabla ya fedha ya kayaki. Kusi likivuma kwa nguvu hatutoki. Kila tukifika ufukweni, kabla ya kufungua mfuko, tunawauliza wavuvi hali ya maji, na wakisema leo hapana, tunakula mihogo ya kukaanga tunarudi Kibaha. Imetokea mara tatu. Na Ruvu hatuendi. Ina mamba na viboko, na kiboko hajui kwamba wewe unastarehe.

Ukigawa kwa watano, na kwa safari ambazo tumekwishakwenda, kila mmoja wetu ametumia kidogo kuliko anachotumia kwa vifurushi vya intaneti. Hiyo ni njia moja, ya kuchanga. Njia ya pili ni ya zamani kuliko zote: kulipia zamu kwa mwenye chombo, kama walivyofanya watu wote waliovuka Ruvu. Ukiwa na mvuvi mnayeaminiana, anayekuruhusu uhesabu mwenyewe waliomo, saa moja ndani ya ngalawa yake alasiri ni malipo ya halali kwake na raha ya halali kwako. Mwenye chombo hapotezi kitu, nawe hukodi uwanja wa kukitunzia.

*

Mama nilimpeleka Kisarawe.

Ndani ya msitu wa Pugu-Kazimzumbwi kuna bwawa la Minaki, jirani na shule yenye jina hilo. Hakuna mawimbi pale. Maji yametulia chini ya miti, na ng'ambo unaiona bila kukaza macho. Nilichagua pale kwa sababu ni kwao, nikidhani mtu huogopa kidogo akiwa kwao. Nilikosea. Alisimama ukingoni muda mrefu, mkoba kifuani, akiwahesabu watu waliokuwa wakishuka kutoka kwenye boti. Kisha akayahesabu majaketi.

"Boti hii ya nani?" akauliza.

Nikamwambia si ya mtu mmoja, ni ya pale, mtu analipia zamu.

"Na wanaoruhusiwa ni wangapi?"

Kijana wa boti akamjibu. Mama akatuhesabu tena. Akafunga kamba za jaketi lake mara mbili, akaja akafunga za kwangu, kama alivyokuwa akinifunga viatu vya shule, akaingia.

Hakusema neno mpaka katikati. Alikuwa ameshika ubavu wa boti kwa mikono miwili. Kafi likaingia majini, likatoka, likaingia. Kisha akaachia mkono mmoja.

"Baba alikuwa anavuka Ruvu," akasema.

Hilo nililijua. Babu mzaa mama aliwahi kulima mpunga bondeni, na nilikuwa nimelihesabu kama ushahidi wa kawaida: mkulima, kivuko, nauli.

"Alikuwa anavuka jioni, kazi imekwisha. Anampa mvushaji mihogo. Anavuka, anakaa ng'ambo kidogo, anavushwa kurudi. Mama alikuwa anagomba, anasema unamaliza mihogo ya watoto."

"Alikuwa anafuata nini ng'ambo?"

Mama aliangalia maji. Alikuwa ameachia mkono wa pili, ameuweka mapajani.

"Hakuwa anafuata kitu, mwanangu. Alikuwa anapenda tu."

Nilitaka kumuuliza mwaka gani, kivuko kipi, mvushaji nani. Nilikuwa nimezunguka miezi mingi kwenye makaratasi nikitafuta mtu mmoja wa Uzaramo aliyepanda mtumbwi kwa raha, na alikuwa babu yangu, na malipo yake yalikuwa mihogo. Sikuuliza. Maswali yangeweza kusubiri tufike nchi kavu.

Kijana aligeuza boti. Tulipofika ukingoni alinyoosha mkono amsaidie Mama kushuka. Mama hakunyanyuka. Alifungua pindo la khanga alikofunga fedha zake, akaanza kuhesabu noti polepole, moja moja.

"Zamu nyingine," akamwambia. "Lakini kwanza hao wanaosubiri, wahesabu."